Mtaa Mweusi wa Kawagoe

Soko likiungua kwetu, majivu hayajapoa na tayari maswali mawili yameshafika: nani kachoma, na nani atarudi. La tatu, jengo jipya litakuwa na sura gani, huachiwa wasanifu na yale mabango ya rangi yanayotundikwa kwenye uzio wa mabati, yenye miti ambayo haitapandwa na watembea kwa miguu ambao hawabebi mzigo wowote kichwani. Mimi hilo la tatu ndilo linaloniwasha. Nimekulia nyuma ya duka. Shangazi yangu ameuza vitenge Kariakoo tangu sijaanza shule, na kwa miaka mingi nilijua mtaa ule kwa miguu ya watu na kingo za meza kabla sijajua kwamba majengo nayo yana watu walioyafikiria.

Moto wa soko la Kariakoo ulipotokea Julai 2021, kwenye magrupu ya WhatsApp zilianza kuzunguka picha za mitaa ya ng'ambo iliyopendeza kwa sura moja: rangi moja, kimo kimoja, paa zinazofuatana. Chini ya picha watu waliandika, "Serikali ingeamuru tu." Mojawapo ya picha hizo ilikuwa ya mtaa wenye nyumba nyeusi, nene, za vigae vikubwa, na aliyeituma hakuandika ni wapi. Ni Kawagoe, Japani. Niliutambua kwa sababu niliwahi kufika, nilipokuwa Tokyo kwa mafunzo ya kazi. Kutoka kituo cha Ikebukuro ni kama nusu saa kwa treni. Jambo ambalo picha haisemi ni kwamba sura ile haikutokana na amri ya serikali. Mtaa ulioamriwa upo pia, kilomita 30 hivi kutoka hapo, katikati ya Tokyo, nao ulifika kwingine kabisa.

Kawagoe ulikuwa mji wa ngome na wa biashara. Enzi za mashogun, watawala wa kijeshi wa Japani, Tokyo ikiitwa Edo, ngome ya Kawagoe ililinda upande wa kaskazini, na mji wenyewe uliishi kwa kuilisha Edo. Mashua ziliteremka mto Shingashi zikiwa na nafaka, mbao na viazi vitamu, zikarudi na bidhaa za mjini. Mpaka leo huwezi kupiga hatua kumi pale bila kuuziwa kitu cha viazi vitamu: vya kukaanga, vya aiskrimu, vya mikate, hata bia. Fedha ya mto ule ndiyo iliyolipia kuta nitakazozieleza, na tusiisahau hiyo fedha, maana bila yake hakuna kisa.

Tarehe 17 Machi 1893 mji uliwaka. Nyumba zilikuwa za mbao, milango ya ndani ya karatasi, zimebanana, na upepo ulikuwepo. Ziliteketea nyumba zaidi ya 1,300, zaidi ya theluthi ya mji mzima. Mnara wa kengele, uliokuwa ukiwapigia watu saa tangu karne ya 17, nao ukaanguka. Kwa mji wa biashara hiyo ilikuwa hasara ya stoo, ya madaftari ya madeni, ya kila kitu kilichofanya watu waaminiane.

Lakini katikati ya mkaa kulikuwa na majengo yaliyosimama. Lililo maarufu zaidi ni nyumba ya Osawa, iliyojengwa mwaka 1792 na mfanyabiashara wa nguo. Ilikuwa imejengwa kama ghala: kuta za udongo mnene, madirisha machache yenye vifuniko vizito, paa la vigae. Moto ulipita pande zote, yenyewe ikabaki. Leo ni duka la kazi za mikono na imeorodheshwa kuwa urithi muhimu wa taifa, na ukiingia ndani unahisi baridi ile ya nyumba za zamani za mawe kule Mji Mkongwe, ile baridi inayokuambia ukuta ni mnene kabla hujaupima.

Wafanyabiashara wa Kawagoe hawakuhitaji mhadhara baada ya hapo. Kila aliyekuwa na uwezo alitaka nyumba kama ile. Mtindo wenyewe unaitwa kurazukuri, na haukuwa mpya. Kwa muda mrefu watu walikuwa wakijenga ghala la namna hiyo nyuma ya duka ili mali ipone duka likiungua. Walichofanya Kawagoe ni kulileta ghala mbele, barabarani, likawa ndilo duka. Waliita mafundi kutoka Tokyo wakajenga.

Nieleze ukuta, maana ndio ulionifanya nisimame pale kwa muda mrefu kuliko kwenye maduka ya zawadi. Kwanza fremu ya mbao nene. Juu yake fito za mianzi zilizofungwa kwa kamba, sawa kabisa na nyumba zetu za kukandika. Kisha udongo uliochanganywa na mabua ya mpunga, unakandikwa tabaka moja, unaachwa ukauke, tabaka jingine, unaachwa tena. Haukimbizwi. Ukiukimbiza utapasuka, na ufa ndio mlango wa moto. Ukuta uliokamilika una unene wa sentimita 20, 30, wakati mwingine zaidi. Mwisho inapigwa lipu ya chokaa, na kwenye maduka ya fahari chokaa hiyo ilichanganywa na masizi, ikasuguliwa hadi ikang'aa weusi. Fundi wa kusugua chokaa nyeusi hakuwa rahisi kumpata wala hakuwa rahisi kumlipa. Weusi ule ulikuwa wa mjini, wa Tokyo, wa matajiri.

Madirisha ya ghorofani yana milango ya mabawa mawili, nayo ni ya udongo vilevile, minene kama ya kasha la fedha. Kingo zake zimekatwa ngazi ngazi ili zikifungwa ziingiane na kusiwe na mwanya ulionyooka. Na bado hawakuiamini. Waliweka udongo mbichi tayari, ili kengele ya moto ikilia mtu apande akazibe nyufa za milango kwa mkono kabla ya kukimbia. Huo udongo wa akiba ulinivutia kuliko paa zote. Jengo lilikuwa na kazi yake na mwenye nyumba alikuwa na yake, na bila ya mwenye nyumba jengo lilikuwa nusu tu.

Halafu kuna paa, na hapo usalama unaisha, majigambo yanaanza. Mgongo wa paa umejengwa juu kwa vigae vilivyopangwa tabaka kwa tabaka, na mwishoni mwake kuna kigae kikubwa mno cha urembo. Moto hauzuiwi na ukubwa huo. Huo ni wa jirani auone. Ukitazama mtaa kwa umakini utagundua kwamba hauna nyumba mbili zinazolingana. Hii imepanda kidogo, ile ina kipaji cha mbele kipana, nyingine imegeuza paa. Umoja wa sura umetokana na watu waliokuwa wakishindana kwa vifaa vilevile, mafundi walewale na woga uleule. Picha ya mbali ndiyo inayozifanya zionekane pacha.

Sasa Ginza, ule mtaa wa amri katikati ya Tokyo.

Mwaka 1872, miaka 21 kabla ya moto wa Kawagoe, moto ulianzia karibu na ngome ya zamani ya Edo ukafagia Ginza, Kyobashi na Tsukiji mpaka karibu na bahari. Hata ile hoteli kubwa ya wageni ya Tsukiji iliteketea. Serikali mpya ya Meiji, iliyoshika nchi baada ya mashogun, iliona msiba, na iliona nafasi. Reli ya kwanza ya nchi, kutoka Yokohama hadi Shimbashi, ilikuwa inakaribia kufunguliwa mwaka huohuo, na mgeni akishuka Shimbashi mtaa wa kwanza kuukuta ni Ginza. Wakaamua: mtaa wote ujengwe upya kwa matofali ya kuchoma, kwa sura ya Ulaya, usiungue tena na usiwatie aibu. Kazi alipewa mhandisi mzaliwa wa Ireland, Thomas Waters. Barabara kuu ikapanuliwa hadi mita 27 hivi, zikawekwa njia za waenda kwa miguu, nguzo na vibaraza mbele ya maduka, miti, na mwaka 1874 taa za gesi. Tanuri za matofali zikajengwa. Mwaka 1877 kazi ikafungwa.

Kwenye michoro ya rangi ya wakati ule Ginza inapendeza kupita kiasi. Ndani ilikuwa habari nyingine. Nyumba zilikuwa na unyevu. Matofali yalikuwa mageni kwa mafundi na kwa hali ya hewa, na kulizuka uvumi kwamba anayelala humo huvimba mwili na kufa. Bei ndiyo ilikuwa ugonjwa hasa. Serikali ilijenga, kisha ikataka wakazi wazinunue nyumba kwa malipo ya muda mrefu, na mafundi na wachuuzi wadogo waliokuwa wakiishi pale kabla ya moto hawakuweza. Wakahama. Nyumba nyingi zilikaa tupu, nyingine zikageuzwa kumbi za maonyesho ya wanyama na sarakasi. Mpango wa kuieneza sura hiyo Tokyo nzima ukaachwa kimyakimya.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kusema amri ilishindwa. Haikushindwa. Waliokuja baadaye kuchukua nyumba zile tupu walikuwa wafanyabiashara kutoka kwingine, wauza bidhaa za kigeni, saa, nguo za kizungu, na makampuni ya magazeti, na hao ndio walioifanya Ginza kuwa Ginza. Mtaa ulifanikiwa vizuri sana. Ulifanikiwa tu bila ya watu wake wa mwanzo. Mwaka 1923 tetemeko kubwa na moto wake vikaifuta ile Ginza ya matofali, lakini jina na biashara vikabaki.

Na kuna jambo linaloharibu zaidi hadithi nyepesi ya "watu wema, serikali mbaya." Mwaka 1881 mamlaka ya Tokyo ilitoa amri ya kuzuia moto: kando ya barabara kuu na mifereji fulani, jengo liwe la matofali, la mawe, au la udongo mnene wa ghala. Amri ilitoa hiari hizo tatu. Wafanyabiashara wa Nihonbashi, mtaa mkuu wa biashara wa Tokyo, kwa wingi wao wakachagua ghala, kitu wanachokijua na mafundi wanaowajua. Mtaa wa fedha wa Tokyo ukageuka mweusi. Kwa hiyo Kawagoe walipoungua mwaka 1893 na kuita mafundi kutoka Tokyo, walikuwa wanaiga sura ambayo kwa sehemu ilitokana na amri ya mji mwingine. Amri iliwafikia ikiwa imeshavaa nguo za fasheni. Tofauti naiona kwenye namna amri zile mbili zilivyoandikwa. Ya Ginza ilitaja sura. Ya 1881 ilitaja kitu kisichotakiwa kutokea, ikawaachia watu watafute njia wanayoimudu.

Tokyo ile nyeusi haipo tena. Tetemeko la 1923 na mabomu ya vita vimeimaliza. Ndiyo maana anayetaka kujua Nihonbashi ilikuwaje hupanda treni kwenda Kawagoe, kwa mwigaji.

Kawagoe nayo nusura ipotee, na safari hii moto haukuhusika. Reli ziliingia mji kwa upande wa kusini, na biashara, kama kawaida yake, ikafuata abiria. Kufikia miaka ya 1960 na 1970 maduka makubwa yalikuwa kule stesheni, na mtaa wa maghala ulikuwa wa wazee, wenye vibao vya plastiki vilivyofunika kuta nyeusi. Nyumba kadhaa zikabomolewa. Jengo refu la kupangisha likatishia kuchomoza nyuma ya paa. Nyumba ya mfanyabiashara mmoja wa tumbaku iliokolewa, na mwaka 1977 ikafunguliwa kuwa makumbusho.

Kilichonivutia ni waliofanya kazi baada ya hapo. Mwaka 1983 wakaanzisha chama cha wakazi, wenye maduka na wasanifu, na tofauti na vyama vingi vya hifadhi, chenyewe kilianza na biashara: kwanza duka liuze, ndipo ukuta utapata wa kuutunza. Mwaka 1988 kamati ya mtaa ikatoa kanuni zake, vipengele 67, na vingi kati yake ni ushauri kuliko katazo. Vinazungumzia kimo, vifaa, namna ya kupokea jirani, ua wa nyuma. Kanuni mojawapo imetokana na kupima nyumba za zamani zenyewe: kutoka barabarani, mita saba na kitu za kwanza ni za duka, saba zinazofuata ni za nyumba ya kuishi, na saba nyingine ziachwe wazi, ua kwa ua, ili upepo na jua viwafikie wote walio nyuma. Hakuna mtalii anayepiga picha ua wa nyuma. Ila bila ua ule watu wasingeendelea kulala pale, na mtaa usiolala mtu huwa ni seti ya filamu.

Nguzo na nyaya za umeme zikazikwa chini mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1999 eneo likatambuliwa kitaifa kuwa eneo la hifadhi ya majengo ya asili. Na katikati ya weusi wote huo limeachwa kwa heshima jengo la benki la mwaka 1918, la kizungu, lenye mnara na kuba, ambalo halifanani na chochote. Mtu wa mabango ya rangi angelibomoa. Kwangu mimi ndilo linaloonyesha kwamba mtaa ule uliendelea kuishi baada ya moto, ukabadilika, ukapata fedha tena, ukajaribu vitu.

Sijasema Kawagoe ni pepo. Jumapili hapatembeki. Magari bado yanapita kwenye barabara ileile nyembamba, kioo cha pembeni kikikwaruza mifuko ya watu, na suala la kufunga barabara limejadiliwa miaka nenda rudi kwa sababu wengine wanaishi humo na wengine wanapokea mizigo. Maduka mengi sasa yanauza mgeni kitu cha kula huku akitembea. Mfanyabiashara wa nguo wa 1792 angeshangaa.

Turudi nyumbani. Soko la Kariakoo lililoungua lilikuwa na sura yake: kazi ya Beda Amuli, miongoni mwa wasanifu wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki, ya miaka ya 1970, yenye paa za zege kama miavuli mikubwa iliyopangwa bega kwa bega. Sihitaji kuazima weusi wa Japani kuupamba mji wenye kitu kama hicho. Lakini ukitoka sokoni ukaingia Mtaa wa Msimbazi, Congo au Swahili, uone maghorofa ya fremu yalivyopanda, kila moja na vioo vyake vya buluu, nyaya zimening'inia, ngazi zimejaa maboksi, unaelewa kwa nini watu wanatamani amri ya sura moja. Nairobi kule soko la Gikomba wameungua mara nyingi kiasi kwamba watu hujenga upya kwa mabati na mbao zilezile kabla moshi haujaisha, na sijawahi kuwalaumu.

Kwa sababu hapa ndipo tofauti ilipo, na hakuna bango linaloionyesha. Yule mfanyabiashara wa Kawagoe aliyelipia tabaka la kumi la udongo alikuwa mwenye nyumba. Duka lake, nyumba yake, wanawe ndani. Ukuta wa miaka mia ulikuwa na maana kwake. Shangazi yangu ni mpangaji. Alitoa kilemba kuipata fremu, analipa kodi ya miezi kwa mkupuo, na mwenye jengo akipata wa kumpa zaidi, mkataba hauna mwaka wa pili. Umwambie anunue mlango usioshika moto? Amfungie nani? Mwenye jengo naye haishi pale, mali iliyomo si yake, na hesabu yake ni ngapi zitapatikana kwa ghorofa. Kati ya hao wawili hakuna mwenye sababu ya kuweka ndoo ya udongo dirishani.

Nilimwonyesha shangazi picha za Kawagoe kwenye simu. Alizipitisha haraka, akasimama kwenye ile ya mlango wa ghorofani, akaikuza kwa vidole. Akauliza stoo iko juu au chini. Nikamwambia nyuma. Akasema hiyo nayo ni taabu, mteja akitaka doti la pili utamwacha na nani dukani. Kisha akaniuliza waliojenga walipewa muda gani kabla ya kuanza kudaiwa kodi ya pango, nikamweleza kwamba nyumba zilikuwa zao. Akanirudishia simu, akaendelea kukunja vitenge.